Wiski ya shemeji inanuka hospitali

"Shikamoo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Glasgow. Alipokuja likizo aliniletea chupa ya Laphroaig ya miaka 10, akanisifia kwamba hiyo ndiyo wiski yenyewe. Nilipoifungua, sebule nzima ilinuka wodi: Dettol, bandeji, na kama kuna mtu anachoma tairi nje. Mke wangu alidhani nimemwaga dawa. Nimeonja mara mbili, nimeshindwa. Je, imeharibika, ni feki, au mimi ndiye nisiyejua kunywa? Na kama ni nzima, wanaoisifia wanasikia kitu gani ambacho mimi sikisikii?" — Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam.

Marahaba, mdogo wangu. Wiski yako ni nzima, na pua yako ni nzima zaidi. Hiyo hospitali uliyoisikia imo kweli ndani ya chupa.

Mwaka 1865, katika Glasgow hiyohiyo anakoishi shemeji yako, daktari mpasuaji Joseph Lister alianza kufunga vidonda kwa vitambaa vilivyolowekwa katika asidi ya kaboliki ili visioze. Asidi ya kaboliki kwa jina la kikemia ni fenoli. Tangu hapo fenoli na ndugu zake zikawa ndiyo harufu ya usafi duniani: wodini, vyooni, na kwenye ile sabuni nyekundu ya Lifebuoy ya zamani tuliyoogeshwa utotoni. Hata Dettol, dawa yake kuu ni ya ukoo huohuo wa fenoli. Sasa, ukichoma piti, udongo wa kinamasi unaotumika kukaushia shayiri ya wiski hii, moshi wake hubeba fenoli, kresoli na jamaa zao wengine. Kwa hiyo uliposema wodi hukuitukana wiski ya watu. Ulitaja kilichomo, na ukakitaja vizuri kuliko wengi ninaowafundisha, ambao wakiulizwa wanasikia nini hujibu "kali" basi.

Kuhusu ufeki nitasema machache. Chupa iliyokuja kwenye sanduku la msafiri haitakuwa na stempu ya TRA, na hilo lisikutie shaka. Tazama kama lakiri ilikuwa haijaguswa na kama maandishi ya lebo hayana makosa. Wiski ya aina hii, single malt ya Scotland, kisheria lazima ifungwe kwenye chupa hukohuko Scotland, kwa hiyo ukikuta lebo inasema imefungwa nchi nyingine, hapo una haki ya kushtuka. Kwa maelezo yako sioni dalili hiyo.

Nikueleze moshi ulivyoingia, maana ukishajua hilo utaionja kwa kichwa kingine.

Mimi nimekulia Marangu, na bibi yangu alikuwa mpishi wa mbege. Nilimwona mara nyingi akiloweka ulezi, akiufunika kwa majani ya mgomba hadi uchipue, kisha akiuanika juani kwenye mkeka kabla ya kuusaga. Hicho ndicho kimea. Wiski ya Scotland inaanzia palepale, ila nafaka yao ni shayiri. Inalowekwa, inaachwa ichipue siku kadhaa, halafu lazima ikaushwe upesi, chipukizi lisije likala wanga ambao ndio utakaogeuka sukari na baadaye pombe. Ukiona lebo imeandikwa single malt, maana yake ni hii: kimea cha shayiri kitupu, maji na hamira, vimepikwa katika kiwanda kimoja, kwenye mitungi ya shaba, kisha pombe ikalazwa kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Scotland kwa miaka isiyopungua 3. Ya kwako imelala 10.

Bibi alikuwa na jua. Islay, kisiwa inakotoka chupa yako, hakina jua la kutegemewa. Kipo pwani ya magharibi ya Scotland, kinapigwa na mvua na upepo wa Atlantiki, na miti ni michache. Wenyeji walichokuwa nacho tele ni piti: mimea ya kinamasi iliyokufa ikazama majini, hewa isiifikie, ikashindwa kuoza ikaisha, ikajazana tabaka juu ya tabaka. Hukua taratibu mno, kama milimita 1 kwa mwaka, hivyo ukichimba mita moja kwenda chini unashika mimea ya miaka 1,000 iliyopita. Waliikata vipande kama matofali, wakavianika kwa upepo, wakavichoma. (Afrika nayo ina piti yake. Bonde la kati la Kongo, pande zote mbili za mto, lina kinamasi cha piti cha zaidi ya kilomita za mraba 145,000, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana katika nchi za joto. Ramani yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2017. Ile naomba ibaki ardhini milele, kwa sababu kaboni iliyofukiwa mle ni nyingi ya kutisha.)

Nimewahi kufika Islay. Unapanda kivuko pale Kennacraig, unakaa majini zaidi ya saa mbili, na ukikaribia bandari ya Port Ellen unaona kuta nyeupe za viwanda vya wiski ufukweni zenye majina yameandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: Ardbeg, Lagavulin, Laphroaig, vyote kwenye kipande kimoja cha barabara unachoweza kukitembea kwa miguu asubuhi moja. Niliruhusiwa kusimama mlangoni mwa tanuri. Moto wa piti hauna mwali wa maana, unafukuta tu kama kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ni mzito. Juu ya moto kuna sakafu yenye matundu madogo, na shayiri imetandazwa juu yake ikiwa bado ina unyevu. Unyevu ule ndio siri yote. Ganda bichi hushika moshi. Likishakauka, hata uchome piti wiki nzima, halishiki tena. Mzee mmoja wa tanuri alinichotea punje kiganjani akaniambia nitafune. Kwanza nilipata utamu wa kimea, uleule wa ulezi wa bibi, nikashangaa. Nikameza. Ndipo moshi ulipopanda kutoka kooni ukatokea puani. Siku ile nilielewa wiski hii kuliko miaka yote niliyokuwa nikiimimina kaunta.

Shika mpangilio huo: utamu kwanza, moshi kutoka kooni baadaye. Wewe umeanza na moshi kwa sababu umeinusa kwa pupa, ukakomea hapo. Wanaoisifia hawasikii moshi mwingine tofauti na wako. Wao wamekaa nao mpaka ukawapisha.

Watu watakuambia namba. Kipimo cha moshi huhesabiwa kwa sehemu za fenoli katika milioni moja: shayiri ya Bowmore iko kwenye 25 hivi, ya Lagavulin kwenye 35, ya Laphroaig inapita 40, ya Ardbeg inapita 50, na ipo Octomore, ya kiwanda cha Bruichladdich, ambayo imewahi kupita 300. Vijana wa mjini wanazishindania kama kasi ya magari. Usibabaike nazo. Namba hiyo hupimwa kwenye shayiri, si kwenye chupa, na sehemu kubwa ya moshi hupotea njiani: mwingine unabaki kwenye machicha, mwingine unaachwa mtunguni, mwingine unafifia ndani ya pipa mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana wiski ya miaka 25 mara nyingi ni pole kuliko mdogo wake wa miaka 10.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Lagavulin na Caol Ila. Viwanda hivi viwili vina mmiliki mmoja, vinachukua kimea chao mahali pamoja, pale Port Ellen, chenye moshi wa kiwango kilekile. Ukivionja huwezi kuamini. Lagavulin ni nzito, ina utamu wa zabibu kavu na moshi wa jiko la jioni. Caol Ila ni nyepesi na safi, moshi wake uko mbali, kama wa jirani wa pili. Tofauti inaanzia kwenye upishi. Mitungi ya Caol Ila ni mikubwa na haijazwi sana, hivyo mvuke unapata nafasi ya kuigusa shaba na kuacha uzito wake huko. Mitungi ya Lagavulin hujazwa karibu na shingo na kupikwa polepole. Tena pombe inapotoka mtunguni ina kichwa, kiini na mkia, yaani ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, na fenoli nzito hutoka kwa kuchelewa, kuelekea mkia. Mpishi anayechelewa kufunga bomba anachukua moshi zaidi. Anayewahi anapata matunda zaidi. Unachokunywa ni uamuzi wa mpishi kuhusu dakika ya kufunga bomba.

Twende sasa kwenye glasi yako.

Chagua jioni ambayo hujala pilipili wala hujajipaka manukato, na mwambie mama watoto asifukize udi saa hiyo. Tafuta glasi iliyobana mdomoni na kupanuka chini. Kama hakuna, glasi ndogo ya mvinyo inatosha kabisa. Mimina toti moja, isizidi.

Hapa Dar kuna jambo ambalo vitabu vya kizungu havilisemi. Waskoti wanaposhauri kunywa wiski kwa joto la chumba, chumba chao kina nyuzi 18 au 20. Sebule ya Mbezi mwezi Machi ina zaidi ya 30. Kwenye joto hilo pombe inaruka kutoka kwenye glasi na kukuchoma pua kabla hujasikia kitu, na harufu za dawa zinatangulia zote. Nadhani nusu ya tatizo lako lilikuwa hilo. Weka glasi yenye wiski ndani ya friji kwa dakika 10, uifunike kwa kisahani isishike harufu ya vitunguu. Usitie barafu siku za mwanzo, maana baridi kali huziba mdomo wa wiski na ulimi wako pia.

Ukiitoa, usiiingize pua glasini. Ishike glasi kifuani kwanza, uache harufu ije yenyewe. Panda nayo taratibu hadi kidevuni, midomo ikiwa imeachana kidogo, uvute hewa kwa pua na kinywa pamoja. Utasikia wodi. Usibishane nayo. Iweke chini, pumua hewa safi, zungumza na watu, rudi baada ya dakika mbili. Fanya hivyo mara tatu au nne. Pua ina tabia ya kuchoka na harufu inayorudiwa. Ni kama mpishi wa nyama choma ambaye hasikii tena moshi wa jiko lake lakini akipita mtu mwenye embe bivu anageuka. Moshi ukishachosha pua, vilivyokuwa vimejificha nyuma yake vinajitokeza. Kwenye Laphroaig mimi huwa nasikia vanila, ambayo inatoka kwenye mapipa yaliyowahi kulaza bourbon, wiski ya Marekani, kisha ganda la limau, kisha mwani.

Mwani huo nataka tuuzungumze, kwa sababu ndipo pwani yetu inapowashinda wengi. Kwenye lebo na magazeti wanaandika mwani, msomaji wa Nairobi au wa Berlin anatikisa kichwa tu. Wewe kama umewahi kupita Paje au Jambiani mwani ukiwa umeanikwa juani, unaijua harufu ile ya chumvi, ayodini na kitu kama dawa ya kidonda. Ndiyo hiyo. Vivyo hivyo na moshi. Anayejua maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto, anayejua mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin yenye vumbi jeusi la mkaa, anayejua samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka ziwani, huyo ana msamiati wa moshi ambao mfanyakazi wa ofisi ya Ulaya hana. Kwa hiyo usiazime maneno ya watu. Chukua daftari uandike ulichosikia hata kama ni sabuni nyekundu, tairi, au jiko la bibi yako siku ya mvua. Kiwanda chenyewe kimewahi kutangaza wiski hii kwa maneno ya wanywaji, ya sifa na ya kashfa, bila kuyachuja, kwa hiyo hakuna utakachoandika kitakachowashtua.

Sasa onja. Funda la kwanza ni dogo, la kuuzoesha ulimi, usilipe alama. La pili lishike mdomoni, ulizungushe kama unatafuna, uhesabu hadi kumi. Utasikia utamu kwanza, na mwisho ukavu kidogo. Meza, funga kinywa, toa pumzi kwa pua. Moshi utapanda hapo, kama ulivyonipandia mimi pale tanurini, na safari hii utakuwa na majivu na utamu pamoja. Subiri. Wiski hii inasifiwa kwa kile inachoacha kooni, na anayewahi kuongeza funda jingine anakifukia.

Baada ya hapo ongeza maji, kijiko kimoja cha chai. Usiogope kwamba unaiharibu. Mwaka 2017 watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, mojawapo ya kemikali za moshi, hupanda kwenye uso wa kinywaji pombe ikipunguzwa makali, na kuzama ndani pombe ikiwa nyingi mno. Pua yako ipo juu ya uso huo. Lakini tumia maji ya chupa. Maji ya bomba, au yaliyotiwa WaterGuard, yana klorini, na klorini ikikutana na fenoli huzaa harufu kali zaidi ya dawa. Kama siku ile ulichanganya na maji ya jikoni, umejiongezea wodi kwa mkono wako.

Ukitaka kujipima, nenda baa unayoiamini uagize toti ya Johnnie Walker Black Label bila barafu wala soda. Bila shaka umeinywa mara nyingi harusini. Ndani ya mchanganyiko wake kuna Caol Ila, na ule ukavu wa moshi unaobaki nyuma ya koo, ambao pengine hukuwahi kuutaja jina, ni piti ya Islay. Ukirudi nyumbani uionje tena Laphroaig. Utaona si mgeni. Ni yuleyule, safari hii hana kofia.

Ikishindikana kabisa baada ya jioni tano, usijilazimishe. Wapo wanywaji wazuri ambao hawaupendi moshi maisha yao yote. Lakini kabla ya kuamua hivyo pita njia ya katikati: Highland Park ya miaka 12 kutoka visiwa vya Orkney, ambayo moshi wake ni laini, au Talisker ya miaka 10 kutoka Skye, yenye chumvi na pilipili manga. Kunywa toti baa kwanza, usinunue chupa. Na kwa chakula, huko Islay huimwagia chaza. Mimi hapa naona korosho za kuchoma zinaipokea vizuri kuliko kitu chochote, na pweza wa makaa akiwa na chumvi tu bila limau. Nyama choma siipendekezi, moshi juu ya moshi huzima ladha zote mbili.

Chupa iweke wima, usiilaze kama mvinyo, maana pombe kali hula kizibo. Iweke kabatini mbali na dirisha. Ikifika nusu, usiikawize mwaka mzima, kwa kuwa hewa iliyoingia itaupoozesha moshi kidogo kidogo. Mgeni akija, mkaribishe.

Na usiku huo wa kwanza, ukimaliza toti yako, usioshe glasi. Iache mezani tupu hadi alfajiri, kisha inuse kabla hujapiga mswaki. Pombe itakuwa imekwisha ruka yote, Dettol haipo, na chini ya glasi patakuwa na majivu makavu ya jiko lililozimwa jana usiku, na juu yake utamu mdogo wa kimea.